Yudith Mtani Wangu na Vidonge vya Salfa

Kabla sijaenda mbali, ujue kwanza kwamba mimi Joha nilikuwa mtani wa marehemu. Sisi watu wa bondeni na wale wa milimani tumetaniana tangu enzi za mababu, na ukiuliza sababu kila mzee atakupa yake. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mama mkwe wako, ukacheka. Anaweza kuingia uani kwako akakamata kuku akaondoka naye, na wewe huna pa kumshtaki. Utamfuata umkomboe kuku wako kwa pombe, au kwa matusi yaliyozidi ya kwake. Na ukifa, mtani ndiye anayejitokeza mbele ya waombolezaji akakuigiza, watu wacheke, wapate nguvu ya kukuzika. Ukimkasirikia mtani, mwenye kosa ni wewe.

Basi. Yudith alikuja kwetu mwaka wa operesheni, wakati watu walipoteremshwa kutoka milimani wakae pamoja katika kijiji kipya karibu na Kidete, kando ya mto Mkondoa. Lori liliingia mvua inanyesha. Juu ya magunia ya maharage alikaa mwanamke mwembamba amekumbatia chungu, na kati ya magoti yake kitoto cha kike. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepelekwa jela. Mimi nikasogea na midomo yangu kama kawaida.

"Jamani, nyani wa milimani leo wameshuka! Nani kawatisha huko juu?"

Lori zima likanigeukia. Watu wamebomolewa nyumba, wameacha migomba na makaburi yao, halafu anatokea mtu anawaita nyani. Yule mwanamke akanitazama toka utosini hadi miguuni.

"Funga mdomo, mtani," akasema. "Mbu wako watatoka."

Nilicheka mpaka nikashika tairi. Nikampokea chungu chake nikambebea hadi kwenye kibanda cha nyasi alichopangiwa, na tangu siku hiyo halikuzama jua bila mimi na yeye kutukanana. Mume wangu Kondo alisema afadhali amenipata huyo, kwa sababu yeye masikio yake yalikuwa yamechoka.

Yudith alikuwa mfinyanzi. Alifundishwa na bibi yake huko kwao. Shule ya misheni alisoma mpaka darasa la nne akaachishwa, mwenyewe alisema ni kwa sababu alikuwa anamjibu mwalimu, nami naamini. Akaolewa na Nikolaus, mwanamume mpole ambaye husemi naye mpaka umuulize mara mbili. Katika watoto waliowazaa aliishi mmoja tu, huyo binti wa kwenye lori, Lea. Udongo wetu ulimtesa Yudith kwanza. Vyungu vilipasuka motoni, akawa anakaa mbele ya vigae anautukana mto Mkondoa kama vile mtu. Mwishowe akajua kuusaga mchanga na vigae vya zamani akachanganya, na vyungu vyake vikaanza kupanda treni kwenda gulioni Kilosa. Kwenye shamba la ujamaa yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na katikati ya wimbo anapachika maneno yake kwamba jembe la wote halina wa kulinoa. Katibu wa kijiji alijifanya hasikii.

Kijiji chetu kilipewa sanduku la dawa. Kijana mmoja, Theodory, alipelekwa kozi akarudi mhudumu wa afya, na kila mkutano alisimama kutufundisha: chimbeni vyoo, chemsheni maji, na dawa si pipi. "Ukianza dawa, maliza. Ukiiachia njiani, ugonjwa unarudi na ndugu zake." Maneno ya kweli kabisa hayo, simlaumu. Ila kwamba ipo dawa inayomponya jirani yako na wewe mwili wako ukaikataa, hilo hakutuambia. Labda na yeye hakuambiwa.

Alipokuwa anasafiri, kopo la dawa lilibaki kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu alikuwa Mama Selestina, na Mama Selestina ndiye mama yake Nikolaus, mkwe wa Yudith.

Mvua zile za kwanza Yudith alishikwa na kuhara damu. Nusu ya kijiji ilishikwa. Theodory akagawa salfa, vile vidonge vyeupe vikubwa, tukameza, tukapona. Yudith naye alipona, lakini nilimkuta anajikuna mkono, na kwenye mdomo wake wa chini pana doa la mviringo lililoiva kama zambarau. Jingine liko mgongoni mwa kiganja.

"Looo! Nikolaus kakuuma?" nikamuuliza.

"Nikolaus hana meno hayo. Ni mbu wako."

Doa likafifia, likabaki weusi. Mwaka uliofuata akapata kikohozi kibaya, Theodory akampa salfa tena. Hazikupita saa nyingi mdomo uleule ukavimba, palepale. Kiganja kilekile, palepale, kikawasha mpaka akawa anakisugua kwenye ukuta. Na safari hii yakaongezeka mengine, shingoni na pajani. Nikamwambia mbele ya mumewe, "Mtani, doa lako lina akili. Linajua kwao. Kila ukimeza vile vidonge vyeupe linarudi nyumbani."

Wakacheka wote wawili. Nikolaus alicheka mpaka akafuta machozi, na yeye si mtu wa kucheka. Nikasema tena, "Nasema kweli. Hivyo vidonge vinakuchukia." Wakacheka zaidi. Mimi si daktari, sikujua lile doa linaitwaje wala linataka nini. Niliona tu kwa macho yangu haya, nikasema.

Ikaja masika ya mwaka wa tatu. Masika yale mto ulikuwa mwekundu na unanguruma, hata ng'ombe waliogopa kusogea. Yudith akashikwa na kichomi, anahema kwa shida, mbavu zinamchoma. Theodory alikuwa amekwenda semina Mikumi. Mama Selestina akafungua kopo, akampa mkwewe salfa kama alivyoona Theodory akifanya, asubuhi na jioni, kwa kipimo kilekile. Kwa mapenzi. Namjua yule mama, alimpenda Yudith kuliko alivyompenda Nikolaus.

Nilipokwenda kumwona, nilipigwa na butwaa. Madoa yamejaa kifuani na mgongoni, mengine yameshikana. Macho mekundu, yanatoa tongotongo. Midomo imechubuka, anameza mate kwa kufumba macho. Mwili unawaka moto. Na Mama Selestina anatabasamu! Amemfunika mkwewe mablanketi, amefunga mlango na dirisha, moto unawaka ndani, moshi umejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mtani. Karibu, tumshukuru Mungu. Ni surua. Inatoka."

"Surua, mama? Mtu mzima huyu?"

"Utotoni haikumpata. Kumbe ndiyo iliyokuwa inambana kifua. Sasa inatoka nje, itamwacha."

Hapo inabidi umwelewe yule mama, ingawa mimi siku ile sikutaka kumwelewa. Huko milimani alizika watoto kwa surua. Wazee wote walimwambia kitu kimoja: surua inayotoka ngozini haiui, inayoua ni ile iliyogoma kutoka ikabaki tumboni. Mtoto mwenye vipele vingi alimshangilia. Aliyekuwa na vichache ndiye aliyemzika. Mgonjwa wa surua haogeshwi, hapigwi upepo. Kwa hiyo kila doa jipya kwenye mwili wa Yudith lilikuwa furaha kwake, na kila alipoona doa jipya alisema vidonge vinafanya kazi, vinaisukuma. Akampa vingine.

"Mama," nikasema, "siyo surua. Ni vile vidonge. Angalia mdomo, doa limeanzia palepale pa siku zote. Vitamuua hivi!"

Akacheka. Yule mama wa watu, na huzuni zake zote, akacheka. "Mtani bwana! Hata mgonjwa humwonei huruma?"

Na Yudith pale kitandani naye akacheka, midomo ikapasuka, damu ikachuruzika kidevuni.

Nikachanganyikiwa. Nikaruka, nikanyakua kopo la dawa pale kwenye kinu, nikatoka nalo mbio. Nilikimbia na tope langu mpaka magotini, khanga imenidondoka njiani sikuiokota. Nilitaka kulitupa mtoni. Nyuma nasikia watu wanapiga vigelegele! Wanasema mtani kaiba, mtani kaiba! Walitoka majumbani kuangalia. Nikolaus akanifukuza akiwa amebeba jogoo, eti aje akomboe kopo, na anacheka kicheko cha mtu ambaye hajalala muda mrefu na amepata cha kumpumzisha. Ukingoni mwa mto akanifikia.

"Haya mtani, chukua jogoo, nipe dawa ya mke wangu."

"Sitaki jogoo. Nikolaus, nisikilize. Sitanii."

"Unataka na pombe?"

"Sitanii! Naapa kwa Mungu, sitanii! Vidonge hivi vinamuua!"

"Na pombe utapata," akasema, huku ananibandua vidole kimoja kimoja kwenye kopo, taratibu, kwa adabu, maana mtani hapigwi. Mimi nalia machozi ya kweli, yeye anacheka, na watu kule juu wanatushangilia. Wanasema leo Joha kapatia, hata kulia analia. Akaniachia jogoo miguuni, akaondoka na kopo.

Nilikaa pale kwenye tope. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyouchukia mdomo wangu siku ile, na sijawahi kukichukia kijiji kizima kama saa ile. Nilimwambia Kondo aende akaseme yeye, ambaye si mtu wa mizaha. Akaenda. Wakamwambia, mkeo kakutuma umalizie mchezo.

Kesho yake Yudith hakuweza kufumbua macho. Malengelenge yalikuwa yameota kifuani na mapajani, makubwa, yamejaa maji. Mama Selestina alikuwa bado anasema inatoka, lakini sauti imepungua. Nikolaus akamshika mkono mkewe amgeuze alalie upande mwingine, na ngozi ya mkono ikabaki kwenye kiganja chake. Sikuwapo ndani, nilikuwa uani, nimekatazwa kuingia nisimchekeshe mgonjwa. Nilisikia ukelele wa Nikolaus tu. Alitoka amenyoosha kiganja mbele yake, hajui akiweke wapi, akaja moja kwa moja kwangu.

"Mtani," akasema. "Mtani."

Sikumtukana. Nilimwambia, "Lete kitanda na shuka safi. Na kopo lile lilete tuondoke nalo."

Wakambeba na kitanda, Kondo na Nikolaus na wanaume wengine, hadi stesheni ya Kidete. Pale tukaambiwa hakuna treni. Mto umekula tuta, reli inaning'inia hewani, treni zote zimesimama. Watu wale wamebeba kitanda mvuani wakabaki wameduwaa. Nikolaus akakaa juu ya reli akaanza kulia kama mtoto. Yudith anatetemeka, shuka limegandana na mwili, nami nikawa namdondoshea maji mdomoni kwa kitambaa, matone, maana kumeza hawezi na mwili unamwaga maji kila mahali.

Mafundi wa reli walikuwa wanakwenda na kiberenge chao, kile kigari cha relini, kuangalia palipoharibika. Niliwavamia. Niliwapigia magoti, nikawatukana, nikawaombea dua, vyote kwa pamoja. Wakatubeba. Tulipofika palipokatika tukateremka, tukavuka kitanda begani kwenye matope ya kilimani, upande wa pili wakatuitia kiberenge kingine. Hivyo ndivyo tulivyofika hospitali ya Kilosa.

Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini. Alimtazama Yudith machoni, mdomoni, akagusa ngozi kidogo tu pembeni. "Amemeza dawa gani?" Hilo ndilo swali lake la kwanza. Nikampa kopo.

"Aliwahi kuzimeza kabla?"

Nikamweleza la doa la mdomoni, jinsi lilivyorudi palepale kila mara. Nilikuwa nasubiri acheke. Hakucheka. Akasema, "Mwili wake unaikataa salfa. Mara ya kwanza uliwaambia. Mara ya pili uliwaambia tena, kwa nguvu. Sasa ni kama ameungua moto."

Wakamtibu kama aliyeungua. Shuka zilizochemshwa, vitambaa laini vyenye dawa, dripu ya maji mkononi palipobaki na ngozi, na macho yakisafishwa kila wakati yasigandane. Wauguzi wale walifanya kazi, Mungu awalipe. Mimi nilikaa chini pembeni ya kitanda. Daktari alipopita nilimuuliza ningejuaje, ningefanya nini. Akanieleza bila kuchoka. Mtu akimeza dawa, ngozi ikamwasha, ikavimba au ikatoa madoa, aache dawa hiyo hapohapo aende kuonwa, na aende na dawa yenyewe mkononi. Mdomo na macho vikichubuka, au malengelenge yakiota, asingoje hata kupikiwa uji. Na akipona, jina la dawa hiyo alikariri kama jina la baba yake, amtajie kila mganga mpaka kufa, na nyumbani kwake walijue wote.

"Na wangeacha vidonge siku ile alipoanza kuvimba mdomo?" nikauliza.

Aliniwekea mkono begani akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Asubuhi moja Yudith alipata nafuu ya kusema. Macho yalikuwa yamefungwa. Alinijua kwa pumzi zangu.

"Mtani."

"Nipo, nyani wangu."

"Kumbe siku ile hukuwa unatania."

"Sikuwa natania."

Akakusanya pumzi. "Ungesema."

"Nilisema, Yudith."

"Eee," akasema. "Ulisema." Midomo ikajaribu kucheka nikamkataza, nikamwambia atapasua kazi ya watu. Alasiri homa ikapanda tena, na hakusema neno lingine. Alikufa Nikolaus amemshika unyayo, maana hapo ndipo palipokuwa pazima.

Tulisubiri reli itengenezwe. Treni ya kwanza kupita ndiyo iliyomrudisha Kidete, ndani ya sanduku. Alizikwa bondeni, kwenye udongo aliokuwa anautukana.

Pale makaburini watu waliniangalia. Mila ni mila. Kuna mzee mmoja karibu yangu akaguna, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamwambia, "Baba, hili lilisikia mno. Angekuwa mkaidi kidogo angekuwa hai." Akaondoka. Sikutaka kuigiza. Nilitaka kwenda kwangu nilale. Lakini Nikolaus alinijia, akaniambia, "Mtani, usituache hivi hivi," nikaona kwamba hata yeye anakufa amesimama.

Nikaingia katikati. Nikaanza na mwendo wake, maana Yudith hata kwenye tambarare alitembea akiinua magoti kama anayepanda mlima. Wakacheka. Nikafanya sauti yake anapomwita binti yake, ile sauti nyembamba inayopanda mwishoni: "Leaaa! We Lea! Maji yangu ya udongo nani kayamwaga?" Wakacheka zaidi, wanawake wanashikana mabega. Nikajifunika khanga gubigubi, nikawa Mama Selestina anainama juu ya kitanda: "Meza, mwanangu. Meza, itoke yote." Bado walicheka. Kisha nikawa mimi, nakimbia na kopo, naanguka, nainuka. Halafu nikawa Nikolaus, na jogoo kwapani, nacheka. Kicheko chake nilikipata sawasawa. Na hapo ndipo kicheko cha watu kilipokatika.

Nikasimama pale mkono wangu umeshika kopo ambalo halipo. Nikawaambia kwa sauti yangu yote aliyoniambia daktari. La madoa, la mdomo na macho, la kuacha dawa na kukimbia hospitali, la kutaja jina la dawa hiyo maisha yote. Nikawaambia salfa haina kosa, imewaponya wengi hapo walipo, ila Yudith ilikuwa haimpendi na alituambia mara mbili kwa mdomo wake. Theodory, aliyekuwa amerudi kutoka semina, alisimama nyuma ameshika kofia kwa mikono miwili. Mama Selestina alikaa chini kwenye udongo mbichi akajifunika uso. Nilikuwa nimetaka aumie, siwezi kukudanganya. Aliumia, nami sikupata nafuu yoyote. Nilikwenda nikakaa naye.

Watu wakaanza kuondoka. Lea alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi muda wote ule, amevalishwa gauni la kuazima. Akalizunguka kaburi, akaja, akanivuta khanga.

"Mtani, fanya tena."

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Ile ya mama. Niite."

Nilimtazama Mama Selestina, naye akatazama chini. Nikaita, kwa sauti ile nyembamba inayopanda mwishoni.

Lea akaitika, "Abee, mama."